Edelmira Retamal, mfugaji asiyeinama mbele ya puma

Saa nne asubuhi, Edelmira Retamal anafua nguo akiwa amesimama wima. Beseni ameliweka juu ya jabali lililo usawa wa kiuno, mgongo ameupa ukuta wa mawe, na macho yake yako kwenye vichaka vya ng'ambo ya kijito. Mikono inasugua, macho hayashuki. Kila baada ya muda anaimba mstari mmoja wa wimbo, kwa sauti ya juu na mbaya, kisha ananyamaza na kusikiliza.

"Najua siimbi vizuri," anasema bila kugeuka. "Sikuja hapa kumwimbia mtu. Namwambia yule bwana kwamba nipo, macho ninayo, na leo sina muda wake."

Yule bwana ni puma. Wafugaji wa kaskazini mwa Neuquén, upande huu wa milima ya Argentina, humwita simba, ingawa hana manyoya ya shingoni wala hangurumi. Wengi wao wameishi miaka sitini bila kumwona uso kwa uso zaidi ya mara mbili. Yeye, wanasema, amewaona kila siku.

Ni Februari, na Edelmira yuko kwenye malisho ya juu. Kufika hapa alitembea siku tisa mwezi Desemba, na mbuzi mia mbili na thelathini, farasi mmoja wa kupanda, nyumbu mmoja wa mizigo na mbwa mmoja. Atashuka mwishoni mwa Machi kabla theluji haijafunga njia. Katikati ya hapo ni miezi minne ya kuishi peke yake kwenye kibanda cha mawe. Jirani wa karibu ni shemeji yake, Belarmino, na kwake ni mwendo wa saa tatu kwa farasi.

Ana miaka hamsini na saba. Ni mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake ina nguvu za kumshika beberu pembe na kumwambia atulie akatulia. Mumewe, Audilio, alifariki miaka sita iliyopita kwa maradhi ya moyo. Watu walimpa pole, kisha wakakaa kusubiri auze mbuzi. Wanaendelea kusubiri.

Aproni yake ina mfuko mkubwa mbele, na mfuko huo una mawe saba, kila moja ukubwa wa ngumi ya mtoto. Anayabeba kutwa nzima, hata anapokanda unga.

"Watu wa mjini huniuliza, mama, kwa nini ubebe mawe mahali palipojaa mawe?" anacheka. "Nawaambia, jiwe la chini lazima uliinamie. Na ukiinama una miguu minne. Simba hakwenda shule, lakini miguu anaihesabu. Miwili anaiogopa. Minne anaila."

Kwa sababu hiyo hiyo kata yake ya kuchotea maji ina mpini mrefu kama wa jembe. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakuwahi kuchota maji kwenye chemchemi ya Edelmira.

Alfajiri na jioni hatoki kibandani bila sababu, kwa kuwa hizo ndizo saa za puma kutembea. Akikuta mahali nyasi na matawi yamefukiwa kama kaburi la haraka, hageuzi kuona kuna nini chini yake. Chini yake kuna nyama, na mwenye nyama hayuko mbali. Na siku akikutana naye, hatakimbia. Hilo la kutokimbia analisema mara nyingi kuliko yote, kwa sauti ya mama anayemwonya mtoto kuhusu moto.

"Paka wa nyumbani umemwona? Uzi ukiwa umelala, hana habari nao. Uvute. Basi wewe usiwe uzi."

Lakini hofu yake kubwa si maisha yake mwenyewe. Puma wa kumrukia mtu ni nadra, na anajua. Anachokihofia ni mbuzi.

Kiangazi cha mwaka juzi, katika usiku mmoja wa Januari, puma jike na watoto wake wawili wakubwa waliingia katikati ya kundi lake. Hawakuwa na njaa ya kiasi hicho. Walikuwa wanafundishana kazi. Asubuhi Edelmira alikuta mbuzi arobaini na mmoja wamelala mteremkoni, wengi wakiwa na tundu mbili shingoni na hakuna pengine palipoguswa. Wawili tu ndio walioliwa.

"Arobaini na mmoja," anasema, na anaacha kusugua. "Nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Huyu mama yake nani, huyu alivunjika mguu mwaka gani. Nililia mpaka nikaona haya mbele ya farasi."

Kwa mfugaji wa hapa, hao ni vitoto vya kuuza msimu mzima. Ni unga, sukari, viatu na dawa za miezi saba. Mwaka ule Edelmira alikula ngano ya kukaanga na kusagwa asubuhi, na jioni akaila tena.

Swali ambalo kila jirani alimuuliza lilikuwa moja: mbwa wako alikuwa wapi?

Mbwa wake wa wakati huo alikuwa mlangoni mwa kibanda, amelala juu ya viatu vyake. Edelmira hafichi kwamba kosa lilikuwa lake, na anaposimulia haongezi sukari.

Wafugaji wa bonde hili wana namna yao ya kumlea mbwa wa mbuzi. Anachukuliwa kabla hajafungua macho, anawekwa zizini, anashikiliwa chini ya mbuzi mwenye maziwa mpaka anyonye. Harufu anayokua nayo ni ya mbuzi. Joto analolijua ni la tumbo la mbuzi. Mtu hamshiki, hambembelezi, hampi mfupa jikoni. Akikua, hajui kwamba yeye ni mbwa. Anadhani ni mbuzi mwenye meno mazuri, na puma akija anapigania ndugu zake.

Tena haitwi jina.

"Ukimpa jina, utamwita," Edelmira anaeleza. "Ukimwita, atakuja. Akija kwako, nani amebaki na mbuzi?"

Yule mbwa wa kwanza, Edelmira alimpa jina. Alimwita Canelo. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa pili tangu Audilio aondoke. Theluji ya kuchelewa ilianguka siku tatu mfululizo, na kijibwa kilikuwa zizini kikikohoa. Nyumba ilikuwa kimya. Edelmira akatoka, akakifunga ndani ya poncho, joho lake la sufu, akakileta karibu na jiko. Siku tatu tu. Alikipa maziwa kwa kidole, kikalala mapajani mwake, na theluji ilipokoma akakirudisha kwa mbuzi.

"Nilifikiri nimekiokoa," anasema. "Nilikuwa najiokoa mimi, na upweke wangu. Canelo alikua mbwa mzuri sana. Alinipenda. Simba alipokuja, alikimbia kuja kunilinda mimi. Mimi niliyekuwa ndani, nimefunga mlango! Na kule nje hapakuwa na mtu."

Hakumpiga wala kumfukuza. Canelo sasa yuko kwenye mji wa Chos Malal kwa binti yake, Nolfa, analala kwenye kochi na amenenepa.

Oktoba iliyofuata Edelmira akapata kijibwa kingine, na safari hii akafunga mikono. Lakini mbwa anahitaji mwaka mzima na zaidi kuwa mbwa. Kiangazi cha mwaka jana hakupanda. Alibaki mabondeni, mbuzi wakakonda kwa nyasi kavu. Na kwa desturi ya wafugaji wa hapa, malisho yakikaa misimu miwili bila mwenyewe, jirani anaruhusiwa kuyaingia, na hakuna wa kumlaumu. Msimu huu lazima apande, au asipande tena maisha yake yote.

Belarmino amekwisha kuandika karatasi ya kuyachukua malisho na nusu ya kundi. Si mtu mbaya. Ana mbuzi wengi na ardhi kidogo, na anaamini anamsaidia mjane wa kaka yake.

"Shemeji, usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia siku ya kupanda. "Acha mapema, ungali na kitu cha kuuza."

"Ukuta nimeshaujenga, shemeji," Edelmira akamjibu. "Una miguu minne, na uko kule katikati ya mbuzi."

Kwa upande wa Nolfa, mwenye miaka thelathini na mmoja na kazi ya kuoka mikate mjini, neno lake lilikuwa kali zaidi. Alimwambia mama yake kwamba akipoteza tena hata mbuzi kumi, atamfuata juu na kumshusha, akitaka asitake. Edelmira alikubali. Walipeana mikono juu ya meza kama watu wanaouziana ng'ombe.

Kwa hiyo siku hiyo ya Februari, gazeti hili lilipomtembelea, hesabu ilikuwa inaendelea. Mbali kidogo, kwenye mteremko wa nyasi, mbuzi walikuwa wanakula, na katikati yao alionekana mbwa mweupe mwenye doa jeusi mgongoni, amekaa, hatazami kibandani hata kidogo. Tulipopiga mluzi hakugeuza shingo.

"Msimwite," Edelmira alifoka, kisha akalainika. "Samahani. Lakini msimwite."

Mpaka siku hiyo alikuwa amepoteza mbuzi mmoja tu, aliyechukuliwa na mto wakati wa kupanda.

Tulirudi Oktoba, safari hii nyumbani kwake pa majira ya baridi, bondeni, nyumba ya udongo yenye paa la bati na zizi ubavuni. Mlango ulifunguliwa na Nolfa. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na maandazi yalikuwa yanakaangwa. Edelmira alikuwa mezani akinyonya chai ya majani machungu kwa mrija kutoka kwenye kibuyu, na kibuyu kikawa kinazunguka kwa kila aliyekaa.

"Wawili," alisema kabla hatujauliza. "Msimu mzima. Mmoja mto, mmoja simba. Andika."

"Na mimi nusura niwe wa tatu," akasema Nolfa. "Andika hilo pia."

Ilikuwa katikati ya Machi. Nolfa alikuwa amepanda na nyumbu wa Belarmino aliyeleta unga na mafuta, na kwenye begi lake alikuwa na ile karatasi ya Belarmino inayosubiri saini. Hesabu ya hasara ilikuwa bado ndogo, lakini hakutaka kusubiri ikue. Mama yake alikuwa ameingia miaka hamsini na saba. Alitaka kumaliza jambo hilo kwa upole, mbali na watu.

Siku ya pili walikwenda kutafuta kuni kwenye korongo. Kule juu miti ni michache, na kuni huokotwa tawi moja hapa, tawi moja kule. Nolfa alitangulia. Akakuta lundo zuri la matawi makavu na nyasi, limekusanywa pamoja kama linamsubiri.

"Nilidhani mama ndiye aliyeyakusanya," anasema.

"Mimi? Nikusanye kuni nizifunike na udongo? Nimezeeka, sijachanganyikiwa."

"Mama, acha nisimulie."

"Simulia, lakini simulia vizuri. Mwambie ulichofanya."

Alichofanya Nolfa ni kuinama. Alichukua tawi la kwanza, la pili, na alipovuta la tatu ukatokea mguu wa mbuzi. Ni mbuzi aliyekosekana tangu jana yake, aliyetangatanga peke yake. Kabla Nolfa hajaelewa anachokiona, alisikia nyuma yake sauti ya mama yake, ya chini na iliyotulia, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Nolfa. Inuka polepole. Usigeuke."

Puma alikuwa juu ya mwamba, hatua kama kumi na tano mbele yao, amejibana kama mkate uliokosa hamira. Ulinganisho huo ni wa Nolfa. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Ncha ya mkia ilikuwa inacheza.

"Miguu yangu ilikuwa imeshaamua," anasema Nolfa. "Ilikuwa inakwenda. Mimi sikuulizwa."

Edelmira aliruka mbele, akamshika nywele. Si mkono wala nguo; nywele, kwa mkono mzima, karibu na kichwa.

"Ukikimbia umekuwa mbuzi! Simama! Fungua poncho, inua mikono, kuwa mkubwa!"

"Mama, anatutazama..."

"Mtazame na wewe! Ana deni la mbuzi wangu, yeye ndiye aone haya!"

Kisha Edelmira akaanza kumgombeza puma. Hapo wote wawili, mama na binti, wanacheka mpaka kibuyu kinawekwa mezani, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Alimgombeza kama jirani aliyeingiza ng'ombe kwenye mahindi ya mtu.

"We! Nakuona! Usidhani sikuoni! Umeniulia arobaini na mmoja, hukushiba? Huyo mmoja chukua, umeshamfukia, kaa naye! Lakini sisi utatuacha! Mimi ni mifupa mitupu, utavunja meno! Na huyu mwanangu ni unga mtupu, kazi yake kuoka mikate, hana ladha!"

"Aliniambia sina ladha," anasema Nolfa. "Mbele ya simba."

Walirudi kinyumenyume. Edelmira hakumwachia nywele. Puma aliposhuka kwenye mwamba na kusogea hatua mbili, jiwe la kwanza lilitoka mfukoni mwa aproni na kutua mbele ya miguu yake. La pili lilimpata begani. Akasimama. Wao wakaendelea kurudi, hatua kwa hatua, bila kumpa mgongo, wakipapasa mawe kwa visigino. Mita mia tatu ziliwachukua karibu nusu saa.

Walipotoka korongoni, Nolfa aliwaona mbuzi kwenye mteremko wa juu, na mbwa mweupe katikati yao. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Mbwa! Njoo! Mbwa!"

Mbwa alisimama, akawatazama. Aliona wanawake wawili wakirudi kinyumenyume, akasikia anavyoitwa. Alibweka kuelekea korongoni. Kisha akawageuzia kisogo, akalizunguka kundi, akawasukuma mbuzi waliokuwa pembeni waingie kati, na akajiweka upande wa chini, kati yao na korongo. Hakuja.

"Nilimchukia," anasema Nolfa. "Siwezi kukuficha. Nilimchukia kuliko hata simba."

Ndani ya kibanda, Nolfa alisukuma komeo la mlango. Alikaa chini, na hasira yote ikamtoka kwa mkupuo.

"Mbwa gani huyu, mama? Unamlisha, unamtunza, unataka kuliwa mbele ya macho yake, yeye anakaa na mbuzi! Angekuacha ufe! Unaelewa? Angekuacha ufe!"

Edelmira alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mkono aliomshikia Nolfa nywele ulikuwa haujafunguka bado.

"Hakuja," alisema. "Umeona, Nolfa? Hakuja!"

Nolfa alidhani mama yake amerukwa na akili. Alitafuta maji amnyweshe. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mama yake alikuwa na furaha, furaha kubwa ambayo hakuwa nayo tangu baba alipofariki.

"Canelo angekuja," Edelmira alimwambia. "Angekuja mbio, angetulamba mikono, na simba angepanda zake juu akawamaliza mbuzi wote. Huyu hakutujua. Sisi hatumhusu, mwanangu. Ana watu wake."

Asubuhi iliyofuata, jua lilipokwisha kupanda vizuri, walikwenda kuangalia. Nyayo za puma zilikuwa zimetoka korongoni, zikalizunguka kundi kwa umbali wa hatua arobaini hivi, duara karibu zima, zikasimama mara tatu, zikarudi zilikotoka. Ndani ya duara hilo kulikuwa na nyayo za mbwa, duara jingine, zimekanyagana mpaka nyasi zimelala. Mbwa alikuwa amechanika sikio. Nolfa alihesabu mbuzi. Hakuamini, akahesabu tena. Mia mbili na ishirini na nane, hakupungua hata mmoja mwingine.

"Nilikwenda kumshusha mama," anasema, akigeuza maandazi kwenye mafuta. "Nikashuka peke yangu. Karatasi ya baba mdogo nikamrudishia bila saini, nikamwambia, baba mdogo, samahani, nilichokiona nimekiona."

Belarmino alinuna wiki mbili. Lakini mfugaji ni mfugaji. Alipanda mwenyewe kuziona zile nyayo kabla mvua haijazifuta. Na mwezi huu, jike lake lilipozaa vijibwa vitano, alikuja kwa Edelmira na kikapu mkononi, ndani kuna kijibwa kimoja kilichofumba macho.

"Nimekuletea mpangaji," alisema. "Mbwa mmoja ni mlinzi. Wawili ni ulinzi. Na nikisikia umekiingiza jikoni, nitakuja kukichukua."

"Ukija, njoo na mawe mfukoni," Edelmira akamjibu.

Hiyo ilikuwa siku nne kabla ya ziara yetu. Mbuzi aliyechaguliwa ni wa rangi ya majivu, amezaa kitoto kimoja na ana maziwa ya wawili. Tatizo ni kwamba mbuzi hakitaki kijibwa. Anakipiga teke. Mara tatu kwa siku Edelmira anavaa glavu alizozilaza kwenye samadi, anambana mbuzi ukutani, anakisukuma kijibwa kwenye chuchu kwa kiwiko, na kinaponyonya anaondoka haraka bila kusema neno. Kwa mwanamke anayezungumza na simba, kunyamaza zizini ni adhabu.

Mbuzi asipokikubali kabla ya juma kwisha, kijibwa hakitaishi. Au kitaishi kwa kulishwa na mkono wa mtu, na hapo kimekwisha kuharibika.

Saa tisa alasiri, theluji inaanza kuanguka. Ni theluji ya Oktoba, nzito na yenye maji, ile inayoua vitoto vya mbuzi. Inaanguka kwa saa nzima. Kisha kijibwa kinaanza kulia. Zizi liko hatua kumi na mbili kutoka jikoni, na ukuta wa udongo hauzuii kitu. Sauti ni nyembamba, inakatika kwa kikohozi, inaanza tena.

Edelmira anaweka kibuyu chini. Anainuka, anachukua poncho msumarini.

"Unakwenda wapi, mama?" anauliza Nolfa.

"Kuni."

"Kuni zimejaa nyuma ya jiko."

"Basi nakwenda kuangalia paa la zizi. Theluji hii nzito."

"Paa nimeliangalia mimi mchana. Liko sawa."

Edelmira anasimama katikati ya chumba na poncho begani. Mwanamke aliyempiga puma jiwe la bega hajui aweke wapi mikono yake. Kule nje kijibwa kinakohoa.

"Ni kidogo mno, Nolfa," anasema. "Kina siku tisa tu duniani. Hata macho hakijafungua."

Nolfa anazima moto wa maandazi. Anavuta kiti chake, anakipeleka mpaka mlangoni, anakiegemeza kwenye mbao na kukikalia. Macho yake nayo yamejaa, na hayafuti.

"Najua, mama. Kaa."

"Kikifa je?"

"Kaa, mama."

Edelmira anakaa. Analaza mikono mezani, kiganja juu ya kiganja, anaibana mmoja kwa mwingine. Kilio kinaendelea muda mrefu. Maji ya kibuyu yanapoa na hakuna anayeyachemsha tena. Kisha kinakoma ghafla. Mama na binti wanatazamana.

Ndipo sauti nyingine inasikika kutoka zizini. Ni ya mbuzi, lakini si mlio wa kawaida. Ni ya chini, ya kooni, mdomo ukiwa umefungwa, fupi na ya kurudiarudia. Mgeni asingeitilia maanani. Edelmira anainua kidole watu wote wanyamaze.

"Ni wa majivu," anasema kwa kunong'ona. "Anamwita. Hivyo ndivyo anavyomwita mtoto wake."

"Ana mtoto wake mwingine, mama. Labda anamwita huyo."

"Huyo yuko upande wa pili na mabinamu zake, nimewatenganisha saa sita. Humo ndani yuko na kijibwa tu."

Sauti inarudi tena, na mara hii inajibiwa na kitu kidogo, kama kukoroma kwa mtu aliyeshiba. Edelmira anafunika uso kwa aproni, mawe yanagongana mfukoni, na mabega yake yanatikisika. Anapoufunua uso, amekwisha kuamua jambo.

"Tarehe tano Desemba tunapanda," anasema. "Na mbwa wawili. Kiangazi kijacho nataka niwe na mbuzi mia tatu kule juu, kama wakati wa baba yako. Bosi wako wa mikate amekubali?"

"Amenipa miezi miwili. Nilimwambia mama yangu hawezi kukaa peke yake."

"Mimi siwezi? Nani aliyekushika nywele?"

"Wewe, mama," anasema Nolfa. Bado amekaa mlangoni, na hana haraka ya kuondoka. "Tarehe tano tunapanda."